Rupia Nyekundu za Wesha

Mie nilikuwa nauza madafu bandarini Wesha, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Madafu matamu hayo, ukinywa moja utamu unao mpaka Ijumaa ya pili! Mabaharia wa Kimanga, Waarabu wa majahazi, wakishuka tu, mbio kwangu. Lakini mifukoni wana rupia tupu, na soko letu linataka shilingi. Dukani mjini Chake rupia ilikuwa shilingi na thumni, yaani moja na nusu. Wao wengi, wote wana rupia, wote wana haraka. Basi wakaniuzia mie kwa shilingi moja moja. Nikasema, ah, utajiri umekuja na miguu yake!

Nikatoa pesa zote tulizoweka za kuezekea nyumba, nikanunua rupia. Mke wangu nikamwambia baadaye. Alininunia siku tatu, hata jogoo wetu akaogopa kuwika.

Nikazipeleka Chake, kwa Mhindi mwenye duka. Kazigeuza, kacheka.

"Hizi nyekundu, rafiki. Noti mpya, za Uarabuni tu. Rupia za zamani nilikuwa napeleka Bombay, naleta nguo. Hizi Bombay hawapokei. Nitamuuzia nani?"

"Nipe shilingi moja basi."

"Hata thumni sikupi."

Nikarudi nimezikumbatia kama mtoto mgonjwa. Mvua za masika zikanitangulia nyumbani. Paa likavuja, vyura wakahamia na wakwe zao, tukawa sisi ndio wageni. Mke wangu kakinga masufuria kila pembe.

"Haya, bwana wee, ezeka hizo rupia! Nyekundu zitapendeza!"

Siku ya tatu ya mvua, hodi mlangoni. Nahodha mmoja wa Kimanga, kalowa chapa.

"Tunaondoka kesho," kasema. "Vijana wangu wamebakiwa na shilingi, na kwetu shilingi hainunui hata kokwa ya tende. Nasikia wewe una rupia."

Kumbe majahazi yote yanaondoka, kila baharia anatafuta rupia, na Wesha nzima ninazo mie tu! Nikafungua mdomo niseme shilingi na thumni. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya mke wangu:

"Shilingi mbili, Shehe!"

"Bibi! Dukani ni shilingi na thumni!"

"Nenda dukani basi, Shehe. Karibu sana."

Nahodha kaongeza bei. Dukani keshakwenda, hakupata.

"Shilingi na thumni, na senti kumi juu."

"Mume wangu," kasema yule wa ndani, "mpe mgeni kiti. Muweke pale panapovuja zaidi."

Tukapatana kwa shilingi na thumni na senti ishirini, nahodha anacheka na maji yanamchuruzika ndevuni.

Jioni ile makuti mapya yalikuwa juu. Tukalala wakavu, mvua inapiga nje kama ina deni na sisi.

Msimu wa pili mabaharia waliposhuka, mie niliuza madafu. Wenye rupia niliwaelekeza nyumbani, kwa mke wangu.