Eda Niliyoikaa Peke Yangu

Alizikwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza, baada ya sala ya adhuhuri, kutoka nyumbani kwa kaka yake Buguruni. Mimi nilikaa uani na wanawake wengine nikachambua mchele. Mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa alisema, "Maskini, amekwenda bila mume, bila mtoto. Hakuna hata wa kubaki ndani kwa ajili yake." Wenzake wakaguna. Mimi nikachambua mchele ule ule mara ya pili, kisha mara ya tatu, mpaka nikanyang'anywa ungo.

Mimi na marehemu tulikuwa tumekaa chumba kimoja Kariakoo kwa miaka kumi na moja. Tulikutana kwenye foleni ya sabuni, miaka ile ambayo hata sabuni ya mche ilikuwa habari. Baadaye ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara, bidhaa zikajaa mpaka barabarani, nasi tukaanza kuuza mitumba: mashuka na mapazia. Yeye alikuwa na jicho la kuchagua belo, lile furushi la mitumba, kabla halijafunguliwa. Mimi nilikuwa na mdomo wa kuuza. Tulipendana kama wanavyopendana mke na mume. Naliandika hili mara moja, waziwazi, ili msomaji asihangaike kukisia. Wakati ule sikulitamka kwa mtu, na hata sasa, redio ikianza kutaja watu wa namna yetu, nyumbani kwangu mimi ndiye wa kwanza kuizima.

Niliporudi chumbani siku ile ya maziko, niliamua kumkalia eda. Miezi minne na siku kumi, kama mjane yeyote. Hakuna sheikh ambaye angeniruhusu, na sibishani na mtu kuhusu hilo. Ila nilitaka siku zenye mwisho. Nilikuwa nimeona watu waliofiwa na kitu kisicho na desturi. Huzuni yao haikujua pa kusimama.

Basi nikaacha manukato. Nikaacha wanja, hina, hereni na kanga za rangi kali. Mjane anaruhusiwa kutoka mchana kutafuta riziki, kwa hiyo sokoni nilikwenda, lakini kabla ya magharibi nilikuwa nimesharudi ndani. Harusi sikwenda. Kalenda niliyopewa na Mhindi wa duka la vitambaa niliitundika nyuma ya mlango, na kila asubuhi nikaweka alama ndogo ya penseli.

Nilidhani siri yangu iko salama kwa sababu haina umbo. Mtu anaona nini? Mwanamke asiyenukia.

Lakini chumba cha mkabala na changu alikaa fundi cherehani, mwanamke wa makamo, mtalaka. Cherehani yake ilikaa barazani, na mtu yeyote aliyeingia au kutoka ilibidi apite mbele ya macho yake. Wiki ya tatu akaniuliza huku mguu wake ukiendelea kukanyaga, "Mwenzangu, mafuta yako ya asumini yamekwisha?"

"Yananiumiza kichwa," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu yaanze."

Akacheka. Mimi sikucheka. Baada ya hapo kila neno lake nililipima. Aliniuliza kwa nini sikwenda harusi ya nyumba ya pili. Aliniuliza kwa nini siku hizi nakimbia magharibi kama kuku. Jumanne moja nilimkuta anazungumza na kaka wa marehemu pale barazani, wote wawili wanacheka. Kaka mtu aliponiona akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Shikamoo, shemeji."

Mimi ni mdogo kwake, na shemeji yake sikuwa. Sikujua kama ni utani wa kihuni tu au kama alikuwa ananionyesha kisu. Nikaitikia, "Karibu, kaka," nikaingia ndani, nikakaa kitandani. Chumba kilikuwa kwa jina la dada yake. Akitaka kunitoa anaweza, na mjane akae eda wapi kama si pale walipokaa wote wawili?

Masika yalipokuwa yanaelekea kukatika, gazeti likatoka. Ilikuwa miaka ambayo magazeti ya watu binafsi yalianza kuchipuka kama uyoga, na mengine yaliishi kwa mambo ya vitandani tu. Pale kona ya mtaa muuzaji aliyatundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na wanaume walisimama wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Nilipita nikasikia mchukuzi mmoja anasoma kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi: wanawake wawili, Kariakoo, waishi kama mke na mume.

"Kariakoo hii hii? Mtaa gani?" mwenzake akauliza.

"Nunua ujue," muuzaji akasema. "Kichwa bure, mwili pesa."

"Sasa nani anaoa na nani anaolewa?"

"Wewe mwenyewe kwako nani anaoa? Mkeo si ndiye anayelisha?"

Wakacheka wote. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Ndiyo ruksa yenu hiyo. Mliomba mchele, mkaletewa na mengine."

Sikusimama. Nilikwenda mitaa minne mbele, nikanunua gazeti lile kwa muuzaji asiyenijua, nikamwambia nataka la kufungia vyombo. Nikalisoma chumbani nimesimama nyuma ya mlango. Hapakuwa na majina. Wanauza nguo, wanakaa chumba kimoja, mmoja ana mwanya. Nusu ya wanawake wa Kariakoo walikuwa wanauza nguo na kukaa wawili wawili, na wenye mwanya hawana idadi. Lakini yeye alikuwa na mwanya, na mimi sikuona nusu ya Kariakoo. Nilijiona mimi.

Nikajiuliza nani amesema. Jibu lilikuwa barazani, linakanyaga cherehani.

Sijivunii nilichofanya. Niliamua kumtega. Nilipita na ndoo ya maji, nikasimama, nikamwambia kwa sauti ya siri, "Jirani, usimwambie mtu. Mwisho wa mwezi wa sita nahamia Magomeni." Ulikuwa uongo mtupu. Sikuwa na chumba Magomeni wala popote.

"Magomeni kwa nani?" akauliza.

"Kwa ndugu."

"Una ndugu Magomeni wewe?" Akarudisha macho kwenye kitambaa. "Haya. Mdomo wangu umefungwa."

Haikupita siku ya nne, kaka mtu akaja mpaka mlangoni kwangu. Hakukaa. Aliangalia kitanda, akaangalia kabati, akasema, "Nasikia unahama. Vizuri. Heri mtu aondoke mwenyewe." Halafu, akiwa ameshageuka: "Usisahau kuacha ufunguo, shemeji."

Nikawa na hakika. Kuanzia siku ile fundi sikumsalimia tena. Akipita jikoni nafunika sufuria. Akiniita nasema nina haraka. Siku moja alinigongea na bakuli la uji, nikamwambia nimefunga, na nyumba nzima ilinusa dagaa ninaokaanga. Aliweka bakuli chini, pembeni ya mlango, akaenda zake. Uji ule niliumwaga. Naandika hili kwa sababu ni kweli: niliogopa kuunywa.

Mvua zikakata. Upepo wa kusi ukaanza, ule unaokausha kuta na kupoza maji ya bomba, na Kariakoo ikarudi kuwa na vumbi badala ya matope. Mapazia yalianza kununuliwa, maana watu wakiona anga safi hupenda kubadilisha nyumba. Mimi nilibakiza siku chache na alama zangu za penseli. Nilikuwa na mpango wa kujitoa edani mwenyewe, kwa kujifungia ndani, bila mtu. Mjane wa kweli huogeshwa na wanawake, akavishwa nguo mpya, akafukiziwa udi, akatolewa nje. Mimi ningejimwagia maji na kwenda sokoni.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, fundi akaingia chumbani kwangu bila hodi. Alikuwa na kanga mpya mkononi, na chetezo. Akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Mbona bado?" akasema.

"Bado nini?"

"Nimekungoja jana, nimekungoja juzi. Siku zako zimeisha juzi."

Akanyoosha kidole kwenye kalenda ya Mhindi.

"Unahesabu miezi ya kizungu, mwenzangu? Eda inahesabiwa kwa mwezi mwandamo. Hukufundishwa? Umemkalia siku mbili za zawadi."

Nakumbuka nilikaa chini sakafuni. Yeye alikuwa amehesabu. Tangu siku ya maziko, kila mwezi ulipoandama, yule niliyemfunikia sufuria alikuwa anahesabu pamoja nami, na alihesabu vizuri kuliko mimi.

Nilimuuliza la kwanza lililonijia. "Ulimwambia kaka yake kwamba nahama?"

"Nilimwambia."

"Nilikwambia usimwambie mtu."

"Wiki ile alikuwa anakuja na fundi wa kubadilisha kitasa. Nimwambie nini? Nikamwambia subiri, mwenyewe anaondoka, usijitie aibu na mwanamke aliyefiwa." Akaweka chetezo chini. "Wewe ndiye uliyeniletea neno la kumwambia."

"Na gazeti?"

"Gazeti lipi?"

"Usinifanye mtoto."

"Mimi kusoma sijui," akasema.

Nilimwamini nusu. Asiyejua kusoma anajua kusema. Mpaka leo sijui nani aliwapelekea habari ile, wala kama ilituhusu. Alinitazama akaona kwamba sijaridhika, akavuta mdomo. "Basi nishuku ukiwa umeoga," akasema. "Inuka."

Alinipeleka bafuni uani na ndoo mbili. Maji yalikuwa baridi mpaka yalinikata pumzi. Aliniogesha kichwa kwa mikono ya mtu aliyezoea kazi, bila huruma nyingi. "Fumba macho, sabuni kali hii." Nikafumba. Ilikuwa vigumu kufumba macho mbele yake. Nilisikia kata ikichota maji, na pumzi yake karibu na sikio langu, na kila mara maji yalipochelewa nilidhani ameondoka, ameniacha pale nje watu wanione. Hakuondoka. Aliponisuuza mara ya mwisho alisema dua fupi, kwa sauti ya chini, na akamtaja marehemu kwa jina lake. Hapo ndipo nililia kwa sauti, mara ya kwanza tangu Buguruni.

Eda yangu ilikwisha hivyo. Chumba sikukipata. Mwisho wa mwezi kaka mtu alikuja na mkokoteni na kitasa kipya, na nilipomwangalia mwenye nyumba, mzee wa Kiarabu ambaye miaka yote alitutendea haki, alinishangaa. "Si umesema mwenyewe unahama, mwanangu?" Ningesema nini? Kwamba nilidanganya ili nimnase mtu? Uongo wangu ulininunulia siku za kumaliza eda na ukanitoa chumbani, vyote viwili. Nikatafuta chumba Magomeni kwa siku mbili, nikakipata, nikahama.

Fundi alinisindikiza mpaka barabarani, amebeba godoro kichwani. "Utanialika?"

"Nitaona," nikasema.

Nilichelewa mwaka mzima kuona. Nilipomwalika hatimaye, nilifagia, nikapika wali wa nazi, nikafukiza udi. Kisha, kabla hajafika, nikatoa ukutani picha ya marehemu nikaificha. Mazoea. Sikujua atakuja na nani, wala atakwenda kusema nini.

Alikuja peke yake. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akaangalia kuta zote nne bila haraka.

"Yeye umemweka wapi?" akauliza.

Nikainua godoro.