Pipa la Tabea

Nikodemo simpendi, wala sisemi chinichini. Mtu aliyeng'oa bati juu ya kichwa cha mjane, salamu yangu haipati.

Tabea, jirani yangu hapa Makambako, aliuza chai na maandazi kwa madereva wa malori ya barabara kuu. Nyumba yake ilikuwa ya bati, jasho la marehemu mumewe Manase kwenye mkonge kule Tanga. Mvua ikinyesha, maji yalipita kwenye mwanzi uliopasuliwa mpaka kwenye pipa, maji safi, si kama yale ya mapaa yetu ya nyasi yenye rangi ya ugoro. Chai yote ilitegemea pipa hilo. Mto uko mbali, na mguu wake mmoja mbovu.

Kaburi la Manase halijaota nyasi, mdogo wake Nikodemo huyo kwa jumbe. "Mali ya kaka ni yangu." Jumbe, tumbo limejaa pombe ya ulanzi ya Nikodemo, akakubali: mila ni mila. Mila! Mbona kaka alipokuwa anaugua mila hiyo ilikuwa imelala?

Bati likang'olewa lote. Tukamwezekea Tabea nyasi sisi wanawake. Akaanza kuteka mtoni akichechemea. Madereva wakachoka kungoja chai, wakawa wanapita tu.

Nikodemo akaezeka nyumba yake kwa bati hilohilo. Hakutaka fundi, ati anajua mwenyewe. Bati lina migongo na mabonde, na misumari hupigwa mgongoni. Yeye, kichwa maji, akaipiga bondeni, palepale maji yanapopita. Mvua ya kwanza, kila msumari ukavuja. Mkewe Bertila akahangaika na masufuria mpaka yakamwishia.

Nilicheka nikashika mbavu. Tabea hakucheka. Alilivingirisha pipa lake mpaka mlangoni kwa Nikodemo.

"Kamwene, shemeji. Nipishe."

"Unakwenda wapi na pipa?"

"Maji ya bati la Manase nayafuata yalipo."

Akasukuma kitanda pembeni, akalisimamisha pipa katikati ya nyumba. Nikodemo akafoka, akatishia kumwita jumbe.

"Mwite," Tabea akasema. "Aje akae hapa chini, alowe na mila yake."

Jumbe hakuja ng'o. Msimu ule wote chai ya Tabea ilitoka chumbani kwa Nikodemo, na aliyembebea ndoo ni Bertila mwenyewe. Nikodemo alilala jikoni na mbuzi.