Mifugo ya Baba Kwenye Tangi la Kioo

Kamba niliokuwa nawajua mimi ni wale wakavu wa kwenye mfuko wa nailoni, uduvi, wanaouzwa sokoni pembeni ya dagaa. Na hao pia sili. Kwetu Haneti mboga ni mlenda, na ukitaka nyama unachinja kitu chenye miguu minne, siyo kitu ambacho miguu yake huwezi kumaliza kuihesabu. Kwa hiyo jirani yangu alipopiga hodi jioni moja, akaniambia amehamishiwa Mwanza na anaomba kuniachia tangi lake la kioo lenye majani na kamba hai, sikumngoja amalize. Nilimwambia, "Aka, mama, nisamehe. Nyumba hii haifugi wadudu."

Nyuma yangu nikasikia sauti ya baba. "Waache waje."

Niligeuka nikamtazama. Baba alikuwa na wiki tatu nyumbani kwangu hapa Dodoma mjini, na katika wiki hizo tatu sikuwa nimemsikia akisema maneno mawili yakafuatana. Mama alikuwa amefariki mwaka ule, baada ya ugonjwa mrefu. Kabla ya hapo ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wote wa pale nyumbani, wakabaki wale waliokuwa wamewekwa kwa watu, nao tukawauza kumuuguza mama. Baba akabaki na zizi tupu na nyumba tupu. Nikaenda kumchukua kwa nguvu. Alipofika kwangu alilala, akageuza uso ukutani. Uji nilimpelekea ukapoa, nikaupasha, ukapoa tena. Kila nikimwamkia, "Shikamoo baba," alijibu marahaba kwa ukuta. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaambia ndugu zangu kwa simu wajiandae.

Sasa mtu kama huyo akisema waache waje, wewe utasema nini? Waliletwa.

Jamani, kinyaa! Tangi liliwekwa sebuleni, juu ya meza niliyokuwa naweka Biblia na picha za watoto. Ndani kuna mchanga mweusi, majani, kipande cha mti kilichoota ukungu wa kijani, na vile vidudu vyekundu vinatembea juu ya kila kitu, vinachokonoachokonoa bila kupumzika. Vikikua vinavua ngozi. Ngozi inabaki pale imesimama, ina macho, ina miguu, tupu ndani. Halafu mwenyewe anarudi anaila. Ngozi yake mwenyewe! Na mmoja akifa, wenzake hawamngoji apoe, wanamkalia wote, na asubuhi hukuti hata mguu. Nilikuwa nakunywa chai yangu nimeipa meza mgongo, na bado mwili ulinisisimka.

Baba yeye alivuta kiti. Siku ya kwanza alikaa kutwa. Siku ya pili aliamka kabla yangu, akanawa uso, akaenda kukaa. Baba hakuwa mtu wa kuhesabu mifugo. Hata enzi za ng'ombe alisimama tu mlangoni mwa zizi, akatazama, akasema yule mwenye pembe moja hayupo. Na hawa alifanya vivyo hivyo. "Yule jike mwenye mayai hajatoka leo," ananiambia, na mimi nikiwa na kipande cha mkate mdomoni. Mayai yenyewe wanayabeba chini ya tumbo, yamebanana, ya manjano, yanapepewa na miguu. Nilitema ule mkate.

Lakini uji alikunywa. Alikunywa akaomba mwingine.

Ukitaka kujua walivyomwingia, sikiliza hili. Baba alikuwa na ugoro miaka yote ninayomjua. Mama alimlilia, mchungaji alimwombea, mimi nilimnunia, kile kikopo cha kutemea mate kikakaa pale pale kando ya kitanda kinanuka. Jirani kabla hajaondoka alimwambia, "Mzee, mkono wenye tumbaku ukiingia kwenye maji haya, wanakufa wote." Baba hakubisha. Alikichukua kikopo akaenda kukitupa mwenyewe. Mke wake alimlilia miaka arobaini, na vidudu havikusema hata neno. Nilifurahi na nikakasirika kwa wakati mmoja.

Ufugaji wake ulinitia kichaa. Chujio langu la chai alilichukua la kuvulia uchafu. Sufuria yangu ndogo ikawa ya kuchemshia mchicha wa kamba. Na maji! Hapa mjini maji tunakinga siku ya zamu, kila chombo kinajazwa, hata masufuria. Maji ya kamba ilibidi yatoke bombani yakae wazi siku nzima yaishe harufu ya dawa, kwa hiyo baba alikuwa na ndoo yake ndogo nyeupe, ya rangi ya ukutani iliyokwisha, pembeni ya jiko. Humo humo alisuuza chujio. Nilimwambia, "Baba, jikoni kwangu pamekuwa choo cha wadudu." Akanijibu, "Ukipenda boga, penda na ua lake." Nikamwambia boga lenyewe sijalipenda.

Kitu kimoja tu nilikipenda. Siku moja aliniletea chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya achari, imejaa maji na majani laini ya kijani yaliyosongamana. Akasema dirisha lake halipati jua la asubuhi, niyaweke kwenye dirisha la chumba changu. Yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo. Maji yakipungua niliongeza yale ya kunywa yaliyobaki kwenye glasi yangu. Wanawake wenzangu wa jumuiya walipokuja niliwaonyesha, nikawaambia hii ndiyo bustani ya mtu mstaarabu, siyo lile jalala la sebuleni. Chupa ilikaa pale miezi minne.

Siku ya mambo kuharibika ilikuwa Jumamosi. Zamu ya sala za jumuiya ilikuwa kwangu, na nilikuwa nimetangaza kwamba nitapika mlenda wa kwetu, wa sufuria kubwa. Asubuhi nikaloweka magadi. Kwa asiyejua, magadi unaloweka, unaacha takataka zitulie chini, halafu unatumia yale maji ya juu, masafi kabisa kwa macho. Bila hayo mlenda hautoi povu wala hautelezi. Kwa wingi wa watu nililoweka kwenye ndoo. Ndoo ndogo nyeupe ya rangi, pacha wa ile ya baba. Nikaiweka pembeni ya jiko.

Umeshaelewa. Mimi sikuelewa.

Baba alikuwa amekwenda kunyoa, anataka wageni wamkute msafi. Kabla hajatoka alisema maji ya tangi yamepungua, akirudi ataongeza. Nikasema moyoni, mzee huyu amenyanyuka kitandani, anakwenda kunyoa kwa miguu yake, hebu leo nimsaidie. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisogelea lile tangi kwa hiari. Nilichukua ndoo, nikabana pua kwa mkono mmoja, nikageuza uso pembeni nisivione vinavyokimbia, nikamimina. Nilimimina huku natazama pazia. Ningetazama ndoo, ningeona machicha ya magadi chini. Nilikuwa nimebana pua na kugeuza uso, na nilijiona nimefanya wema.

Nikarudi jikoni nikabandika mlenda motoni, nikatia maji ya ile ndoo nyingine. Nikakoroga. Povu hamna. Nikaongeza. Hamna. Mlenda umekaa unanitazama, mgumu, kama majani ya kulisha mbuzi. Nikachovya kidole kwenye ndoo nikaonja. Maji baridi, matupu, na kwa mbali harufu ya chujio la kamba.

Nilitapika kwenye sinki. Halafu nikakumbuka nilichomimina kule, nikakimbia.

Walikuwa wanaruka. Wanapanda juu wanagonga kioo, wanaanguka, wanalala ubavu, miguu inacheza. Wengine walikuwa wameshageuka rangi, ule wekundu umekuwa wa waridi uliopauka, wa kitu kilichopikwa. Nilichota maji kwa bakuli, nikamwaga mengine, nikachota tena, mikono mpaka kwenye viwiko, na vilinigusa, vinateleza vidoleni, na mimi nalia, "Jamani, jamani, msife." Nilikuwa nawabembeleza wadudu. Wala sikuwalilia wao. Nilikuwa naona ule mgongo wa baba, uso ukutani, na safari hii hakuna jirani wa kuleta kitu kingine.

Hawakupona. Niliwakusanya kwa lile lile chujio, nikawafunga kwenye gazeti, nikawatupa shimo la taka nyuma ya nyumba. Nikanawa kwa sabuni mara tatu.

Baba aliporudi, kidevu kinang'aa, wageni wawili walikuwa wameshaingia. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Akainama, akatazama ndani. Nikamwambia kwa haraka, mbele za watu, "Ni maji ya bomba, baba. Naona wiki hii yana dawa kali. Nimewakuta wameshakufa."

Alitia vidole kwenye maji, akavisugua kimoja kwa kingine. Halafu akavilamba. Mgeni mmoja alisema, "Mweh!" Mimi nilitazama chini. Baba alijifuta kwenye suruali, akaenda chumbani.

Wageni walikula mlenda mgumu na wakausifia kwa adabu. Njia ya mwongo ni fupi, tulikuwa tunaambiwa utotoni. Yangu ilikuwa hatua sita kutoka sebuleni mpaka mlango wa baba, na sikuweza kuzitembea. Jumapili uji ulipoa. Jumatatu ulipoa. Nilikwenda kazini, nikakaa mbele ya kompyuta, nikijinusa vidole. Kile kinyaa nilichokuwa nakiona kwa kamba kilikuwa kimehamia kwangu mwenyewe. Mdudu anakula maiti ya mwenzake mchana kweupe, hafichi. Mimi nimeficha kwenye gazeti.

Jumanne alfajiri, navaa kwenda kazini, mlango wangu ukagongwa. Baba haingii chumbani kwa binti yake. Alisimama pale kizingitini, ameshika fimbo.

"Nimekuja kuwaona wangu," alisema.

"Wapi, baba?"

Akanyoosha fimbo dirishani, kwenye chupa. Niliisogeza kwenye mwanga, nikatazama kwa mara ya kwanza tangu aniletee, nikatazama kweli. Ndani ya yale majani kulikuwa na kitu chekundu. Halafu kingine. Halafu vidogo vidogo, vingi, vinachokonoa. Miezi minne nimelala navyo. Miezi minne nimevinywesha maji ya glasi yangu! Karibu niiangushe.

"Ng'ombe huwezi kuwaweka wote zizi moja," baba alisema. "Ukame ukija, ugonjwa ukija, unamaliza. Unawaweka wengine kwa mtu. Kwa mtu unayemwamini. Niliwaweka kwako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewatupa."

Kweli, ningewatupa. Nilikaa kitandani na ile chupa mapajani. Nikakumbuka siku moja utotoni, alikuja mtu kutoka upande wa Chemba, ametembea na ngozi ya ng'ombe imekunjwa begani. Ilinuka, imejaa nzi, mimi nilikimbilia kwa mama. Yule mtu alisimama uani akaikunjua mbele ya baba, akaeleza ng'ombe wa baba aliyewekwa kwake alivyokufa: alikula nini, alilala upande gani, saa ngapi. Hakuacha kitu. Ndivyo inavyofanywa. Mnyama akifa mikononi mwako, unamletea mwenyewe ngozi, na unasema. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, na mwaka uliofuata alimpa ndama mwingine wa kufuga.

"Baba," nikasema, "siyo maji ya bomba. Ni mimi. Nilimimina magadi. Nilikuwa nimegeuza uso kwa kinyaa, sikutazama. Halafu nikawatupa kwenye shimo la taka, nikakudanganya."

"Najua. Niliyaonja. Yanateleza."

"Sasa si ungesema!"

"Ngozi haifuatwi," baba alisema. "Inaletwa. Nimeingoja siku tatu."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Yeye aliniacha nikalia, kisha akauliza kama uji upo. Aliunywa sebuleni, kwenye kiti chake, mbele ya tangi tupu. Tulilisuuza wiki nzima, tukalijaza upya, tukayapa majani muda wa kushika.

Siku ya kuwarudisha nilishika chupa tayari kummiminia. Akanizuia. "Nusu," alisema. "Wengine wanabaki kwako. Wachague wewe, kwa mkono."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia lete chujio. Yeye alikaa tu, mikono juu ya fimbo. Basi nikakunja kanga begani, nikatumbukiza mkono kwenye ile chupa. Kimoja kikaja, kikanipanda kidole, kikaanza kunichokonoa pale pembeni ya ukucha kwa vimiguu vyake. Khaa! Nilitazama hivyo hivyo, macho wazi, na mkono sikuutoa.