Harusi ya Sheila, Miguu Juu

Zilpa wa Nyarero, muuza maharage, hana sauti ya chini. Akikusalimia upande huu wa soko, walio upande ule nao wanaitikia. Basi mwanamke huyo ndiye aliyeanguka na bodaboda, akafungwa plasta mguu mzima, na binti yake wa pekee, Sheila, anaolewa wiki ileile kule Migori, ng'ambo ya mpaka. Daktari akamkataza kusafiri. Zilpa alilia mpaka majirani wakaja wakidhani kuna msiba.

Sheila akapiga simu. "Mama, nyamaza basi. Kanisa letu linarusha ibada moja kwa moja mtandaoni. Utaniona kwenye TV yako kubwa, tangu naingia mpaka natoka."

Weee! Kilio kikageuka kicheko. Zilpa akawaalika kina mama wote wa kwaya, na pilau likapikwa yeye akiwa ameketi kwenye stuli, anatoa amri kwa gongo la kutembelea. Asubuhi ya harusi sebule ilijaa pomoni. Akawasha TV. Nembo ikatokea, ikakaa. Akazima, akawasha: nembo ileile, imeganda. Akaipiga kofi la ubavu, maana redio ya marehemu mumewe ilikuwa ikipona hivyo. Wapi!

"Niitieni Mayunga!"

Mayunga ni Msukuma aliyefuata dhahabu huku Tarime. Dhahabu ilimkataa, akafungua kibanda cha kutengeneza simu na TV. Alifika anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Harusi ni saa nne. Hiki kitu kikigoma mimi nakufa, na kaburi utachimba wewe, si ndiyo kazi iliyokuleta?"

Mayunga alicheka, akainama nyuma ya TV. "Haijafa, mama. Programu yake imevurugika. Napakua nyingine, naiweka kwenye flashi, naichomeka hapa, TV inaisoma yenyewe. Ila kila TV na programu yake. Nataka namba, na hii ya huku nyuma imeshafutika."

"Namba iko kwenye boksi!" Zilpa alisema, na jirani yake Jenipha akakimbilia jikoni. Boksi lilikuwa nyumba ya vifaranga. Wakamwagwa nje wakilalamika, boksi likaletwa na harufu yake yote, Mayunga akasoma namba huku ameziba pua.

Faili likapakuliwa kwa simu ya Mayunga, simu yenye kioo kilichopasuka vibaya. Akalihamishia kwenye flashi, akaichomeka, akabonyeza kitufe cha TV bila kukiachia. Taa ikaanza kupepesa na mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo.

"Asiguse mtu! Umeme ukikatika sasa hivi, tumekwisha."

Kina mama wakauombea umeme. Mmoja alianzisha pambio, wengine wakadakia, na mstari ukafika mwisho katikati ya kiitikio. TV ikazima, ikawaka, ikaongea! Nyumba ililipuka kwa vigelegele. Mayunga akaiunganisha na intaneti ya simu yake, akalitafuta kanisa la Migori, akalipata.

Picha ikatokea.

"Yawa!" Zilpa akasema. "Mbona watu wananing'inia kama popo?"

Mchungaji alikuwa kichwa chini, miguu juu. Jenipha akaligeuza boksi, akaitazama picha ya TV iliyo ubavuni, akaanza kucheka mpaka akakaa sakafuni. "Zilpa, hili si la TV ya dada yako?"

Kumbe! Zilpa na dada yake walinunua TV zao siku moja kule Isebania, wakazitoa kwenye maboksi ili zibebeke vizuri kwenye pikipiki. Walipofika nyumbani kila mmoja alichukua boksi lililokuwa karibu. Boksi ni boksi, walisema.

"Kioo cha hii kimefungwa kinyume na cha ile," Mayunga alisema, jasho likimtoka. "Nitafute programu yake halisi. Mtandao ukikubali, mchana tutakuwa tumemaliza."

"Mchana? Mwanangu yuko mlangoni pa kanisa!" Zilpa aliinua gongo. "Ipindue!"

"Mama?"

"Picha si imepinduka? Ipindue na TV!"

Wakaipindua, wakaiegemeza kwa magunia mawili ya maharage, vimiguu vyake vikaelekea dari. Na hapo Sheila akaingia kanisani amesimama wima, mweupe kwa shela, mrembo jamani! Zilpa alipiga kigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Kamera ikamgeukia bwana harusi, Simon. Zilpa akainamisha kichwa upesi, akajifunika kitenge usoni. Kwao mama mkwe na mkwe hawakaziani macho, ndiyo heshima. Siku ya posa alimwona Simon viatu tu. Hata leo, angekuwa Migori, angekaa ameangalia chini mpaka harusi iishe.

Jenipha akamgusa bega. "Mama Sheila, yeye hakuoni."

Kitenge kikashuka kidogo, jicho moja likachungulia. Kikashuka chote. Simon alikuwa akimtazama Sheila anavyokuja, na machozi yalimtiririka wala hayafuti.

"Analia," Zilpa alisema taratibu. Kisha akaangua kicheko na yeye akilia. "Jamani, anampenda mtoto wangu!"

Mayunga akanyoosha mkono kuchomoa flashi, akaitafutie TV programu yake halisi.

"Wewe! Acha hivyohivyo," Zilpa akamwambia. "Sogea pembeni, nimtazame mkwe wangu mpaka nishibe."