Bado Upo?

Mdogo wetu wa mwisho alipoomba nafasi ya chuo cha uuguzi, maombi yalikuwa ya mtandaoni, na ukurasa mmoja ulikuwa wa mlezi. Juu yake pameandikwa: ijazwe na mlezi mwenyewe. Alitaka anijazie kwa simu yake pale pale jikoni. Nikakataa. Mama alipofariki, baba akiwa keshatangulia, niliacha skuli kidato cha pili nikabaki na wadogo zangu watatu. Wawili walishahama kisiwani kwetu. Huyu ndiye aliyekuwa amebaki, na ukurasa wake nilitaka niuandike kwa mkono wangu.

Nikatoka Shumba asubuhi mpaka Tibirinzi, kwa bibi mmoja anayetoa fotokopi na kukodisha kompyuta. Maombi yalikuwa yanafungwa siku hiyo saa tisa alasiri.

Palikuwa na swali: uhusiano wako na mwanafunzi. Majibu ya kuchagua yalikuwa Baba, Mama, Mjomba, Shangazi, Mwengine. Nikachagua Mwengine. Chini pakafunguka nafasi: eleza kwa maneno yako.

Niliandika kama tulivyofundishwa skuli. Kwanza kwa penseli kwenye karatasi, nikafuta, nikaandika upya, ndipo nikahamishia kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Nilieleza yote, tangu homa ya mama. Nikasoma tena kutafuta makosa, nikabonyeza Tuma.

Ikaja: Muda wako umekwisha. Tafadhali ingia upya.

Maneno ya namna hiyo nilikuwa nimeyasikia matangani tu. Nilidhani nimekosea tarehe. Nikaingia tena, ukurasa mtupu. Nikaanza kunakili upya, ikaadhiniwa adhuhuri, nikenda kusali nyuma ya duka. Niliporudi, maneno ni yale yale.

"Bi, hii mashine inanifukuza," nikamwambia mwenye duka.

Akaja na miwani yake kwenye paji la uso. "Umekaa muda gani hujabonyeza kitu?"

"Nilikuwa naandika."

"Kuandika haikuoni, mwanangu. Huko iliko inajua upo ukibonyeza tu. Ukinyamaza, inakwambia huyu keshaondoka, inafunga mlango." Akanionesha kitufe kidogo pembeni, Hifadhi. "Kila mistari miwili, bonyeza hapa."

"Kama kupiga hodi."

"Hodi ya mtu keshaingia ndani," akacheka. "Na hiyo barua yako ndefu, weye unaomba chuo au unaposa?"

Ilikuwa saa nane na nusu. Karatasi yangu nikaikunja nikaitia mkobani. Niliandika: Mimi ni dada yake mkubwa. Nimemlea. Nikabonyeza Hifadhi, kisha Tuma, ikapita.

Mwisho palikuwa na sehemu ya maoni. Nikaandika kwamba wengine tunaandika polepole, basi kabla ya kutufunga watuulize kwanza. Mwenye duka akasema hakuna anayesoma hayo. Nikayatuma hivyo hivyo.

Mdogo wangu alipata nafasi. Nilimpeleka bandarini na begi langu mimi, kwa kuwa lake lilikuwa limekatika mkanda. Kwa wiki nzima nilikuwa bado napika wali wa watu wawili.

Mlezi hutakiwa kuthibitisha taarifa zake kila mwaka. Mwaka uliofuata nilifanya nyumbani, kwa simu, mchana, mlango wa uani wazi. Nilifika pale kwenye uhusiano, nikainua macho kidogo. Sijui nilitazama nini. Kitanda chake labda, nilichokuwa nimekiegemeza ukutani. Nilipoyashusha macho kwenye simu, palikuwa na kisanduku ambacho mwaka jana hakikuwapo: Bado upo? Chini yake kitufe kimoja: Nipo.

Kama walisoma maoni yangu, sijui. Nilikisoma kisanduku kile kwa sauti, na sauti yangu ikanishtua, maana tangu asubuhi nilikuwa sijasema neno.

Nikabonyeza Nipo. Ukurasa ukaningoja.