Shimo la Ngazi ya Pili

Mchezo wetu wa video wa wakati wa vita haukuwa na huruma. Ulipewa maisha matatu. Yakiisha, ulirudi mwanzo kabisa, hata kama ulikuwa umebakiza mlango mmoja. Mashine haikuhifadhi chochote. Siku hizi watu wa rika langu husifu michezo ile, eti ilitufundisha uvumilivu. Mimi ilinifundisha kutukana kimyakimya.

Tulikaa mtaa wa Kasuku: baba, dada yangu mdogo na mimi. Umeme ulipokatika moja kwa moja, baba aliunganisha mashine na televisheni ndogo kwenye betri ya gari ambalo halikuwa tena na pa kwenda. Kwa mchezo ule alikuwa fundi. Ngazi ya pili ilikuwa na shimo pana lililotumaliza sisi watoto. Yeye aliliruka huku akitutazama na kutucheka.

Mizinga ilipolia ng'ambo ya mto Lualaba, alituambia kwamba ni radi: "Njo radi tu. Muchezeni." Basi radi ya mwaka ule ilipiga hata kiangazi. Tuliendelea kucheza sakafuni, na zamu yake ikifika, yeye fundi alitumbukia shimoni. Mwisho wa mchezo hatukuuona, wala yeye hakuuona.

Sasa mchezo uleule umo kwenye simu yangu. Kwanza unakuuliza: rahisi, wa kati au mgumu? Ukifa, unaendelea palepale ulipoangukia. Jumapili moja nilimpa baba, ambaye vidole vyake vimeanza kutetemeka, nikamchagulia rahisi bila kumwambia. Nilitaka aufikie ule mwisho kabla macho hayajamwishia.

Alifika ngazi ya tano, akaiweka simu mezani.

"Huyu adui anajiangusha mwenyewe. Umefanya nini?"

"Nimeurahisisha kidogo, papa."

Akauliza, "Ile wakati nilikuwa nawaambia njo radi, mulikuwa munasadiki?"

"Hapana, papa. Tulijua njo mizinga."

"Na mukanyamaza?"

"Tulikuwa tunaona vile unaanguka mu shimo."

Aliitazama mikono yake. Niliona haya, na nilimpenda kuliko ninavyoweza kusema.

"Rudisha ile ugumu yake ya zamani," alisema.

Nikarudisha. Nje zilisikika pikipiki tu. Alitumbukia shimoni mara tatu, akacheka, akaanza tena.