Mtu wa Kumi na Nne

Nilipokuwa mtoto wa chuo cha Kurani kisiwani Chovae, ng’ambo ya Kismayu, katika miaka ya utawala wa Wataliani, nilihesabu kila kitu kilichotulia mbele ya macho yangu. Nilihesabu boriti za dari, mbuzi wa majirani, misumari ya mashua zilizokuwa zikiundwa ufukweni. Mfuko wa kulia wa kanzu yangu ulijaa kokwa za tende, na kwa kila kitu nilichokihesabu nilihamisha kokwa moja kwenda mfuko wa kushoto. Bibi Esha, mama yake baba, ndiye aliyenilea, na hakuona ubaya katika mchezo huo hadi siku aliponikuta nikiwahesabu wageni waliokuja matangani.

“Acha!” alisema, akanishika mkono. “Mbuzi hesabu, samaki hesabu. Wachu hawahesabiwi. Mchu akihesabiwa hupungua.”

Hivyo ndivyo sisi Wabajuni tunavyotamka neno mtu.

“Hupunguaje, Bibi?”

“Hesabu uone. Kisha usije ukanililia.”

Nilimwamini kwa nusu. Nusu iliyobaki ilitaka kujaribu.

Wakati huo kisiwa kilikuwa kimegawanyika kwa sababu ya Fundi Lali, muunda mashua. Alikuwa amesafiri mbali, akarudi na uradi, dua za kurudiwarudiwa, aliopewa na shehe wake huko, akakusanya wanaume kadhaa nyumbani kwake. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri waliingia mle wakiwa wamejifunika shuka nyeupe kichwani, wakashusha pazia zito, wakafunga mlango kwa komeo, na sauti isisikike. Kabla ya magharibi walitoka, bado wamejifunika, wakafuatana kwa mstari hadi ufukwe wa nyuma ya kisiwa kuoga, kisha wakarudi. Waliapa kutosema wanachosoma. Walifundishwa kwamba ibada ikitazamwa sana huchakaa. Watu wakawaita Watu wa Pazia.

Mpinzani wao mkuu alikuwa Maalim Bunu, aliyetusomesha Kurani, na haki inanilazimu kusema kwamba hakuwa mtu mbaya. “Dini ya Mtume ilisomwa hadharani,” alikuwa akisema barazani pa msikiti. “Kilicho halali hakihitaji komeo.” Hata leo sioni kasoro kubwa katika hoja hiyo. Lakini nyuma yake walifuata wenye maneno mengine: kwamba mle ndani Lali anasujudiwa, kwamba wanalisha majini kwa ubani na damu ya jogoo. Kisimani mwanamke mmoja alipaza sauti Lali alipokuwa akipita na tezo yake begani.

“Haya, wasomi wa kimya! Mnasoma kama samaki!”

“Samaki nao humsabihi Mola, mama,” alijibu Lali bila kusimama. “Tena hawasengenyi.”

Wanawake walicheka, lakini kicheko hakikumaliza ugomvi. Kufikia mwaka ule, kulikuwa na nyumba zisizoozana tena na Watu wa Pazia, wala zisizokula kwenye matanga yao.

Sina haja ya kumficha msomaji jambo ambalo mimi nilifichwa. Mle ndani, kwa majuma kadhaa, alikuwamo mtu aliyeitwa Juma, mkulima wa Goshani, katika bonde la mto Juba. Wataliani walikuwa wakiwachukua watu wa huko kwa nguvu kwenda kufanya kazi katika mashamba yao makubwa. Kazi hiyo wenyewe waliiita kolonya. Juma alitoroka mara ya kwanza, akakamatwa, akatiwa mnyororo. Mara ya pili alifika pwani, na mmoja wa Watu wa Pazia akamleta kisiwani chini ya shehena ya makuti. Walikuwa wakitafuta nahodha wa kuaminika atakayemvusha kusini, upande wa Waingereza. Siku sita za juma alikaa gizani. Siku ya Alhamisi tu, akiwa amefunikwa shuka kama wao, alitoka ndani ya mstari wao, akaoga na kuitazama mbingu. Uhuru wa mtu yule ulitegemea jambo moja tu: kwamba hapana mtu kisiwani angehesabu.

Mimi nilihesabu.

Nilijificha nyuma ya mbao za Fundi Lali zilizoegemezwa ukutani. Waliingia kumi na watatu, nikahamisha kokwa kumi na tatu. Walipotoka nilizirudisha moja moja kwenye mfuko wa kulia. Ule wa kushoto ukabaki mtupu, na mtu mmoja bado anapita. Nilitazama miguu yake, kwa kuwa uso haukuonekana. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi, si kama nyayo zetu zilizochanwa na matumbawe. Juu ya kifundo kimoja kulikuwa na kovu lililozunguka mguu kama bangili.

Bibi sikumwambia, maana nilijua angenifanya nini. Asubuhi yake nilimwambia Maalim Bunu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu ni dogo kuliko madhara yake: Maalim alikuwa mgumu wa kutoa sifa, nami niliitaka sifa yake. Aliuweka chini ubao wangu wa kuandikia, akaniuliza mara tatu, na mara zote tatu nilimpa idadi ileile. Baada ya sala ya Ijumaa akanisimamisha mbele ya watu.

“Waliingia wangapi, mwanangu?”

“Kumi na watatu, Maalim.”

“Wakatoka?”

“Kumi na wanne.”

“Audhubillahi!” walisema waliokuwa nyuma.

“Labda mmoja amezaliwa humo ndani,” kijana mmoja alitania. Hakuna aliyecheka.

“Na huyo aliyezidi,” Maalim aliendelea, “uliiona miguu yake? Ina kwato?”

“Haina kwato. Ni miguu ya mchu. Lakini kifundoni pana alama ya duara, kama ya kamba.”

“Jini la kufungwa!” mzee mmoja alipiga kelele. “Lali amefunga jini, nalo linatembea naye!”

Maalim akamgeukia Fundi Lali, aliyekuwa bado amesimama mlangoni akitafuta viatu vyake.

“Fundi, mtoto huyu amesema uongo?”

Lali alinitazama. Neno moja lingemtosha: amekosea. Nani angeniamini mimi dhidi ya mtu mzima? Lakini alikuwa ametoka kusali sasa hivi.

“Mtoto hakusema uongo,” alijibu.

“Basi ni jini?”

“Mimi sikusema hivyo.”

“Basi ni nani?”

“Maalim, ni mangapi usiyoyajua na bado unalala usingizi?”

Akavaa viatu vyake, akaondoka. Alikubali aitwe mfuga majini mbele ya kijiji kizima kuliko kulitaja jina la mgeni wake. Siku ile mimi sikuliona hilo. Niliona halua niliyopewa, na nikasikia nikiitwa mwenye macho. Bibi alipopata habari alikaa chini, akajifunika kichwa kwa leso.

“Umewahesabu,” alisema. Hakuniuliza, alikuwa akijiambia mwenyewe.

Habari ilivuka hadi Kismayu pamoja na wauza ng’onda, samaki wakavu, na huko ikabadilika bila kuongezwa neno. Sisi kisiwani tulikuwa na watu kumi na watatu na jini moja. Askari wa serikali aliyeisikia sokoni alipata watu kumi na wanne, na mmoja wao ana kovu la mnyororo. Katika jambo hili alihesabu vizuri kuliko sisi sote.

Walikuja siku chache baadaye kwa mashua ya injini, askari wanne na ofisa Mtaliani. Komeo lilivunjwa kwa kitako cha bunduki. Kijiji kizima kilisimama kulitazama jini, na akatolewa mtu mwembamba anayekohoa, amefumba macho kwa ukali wa jua.

“Kumbe mchu,” mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini.

Hapo Maalim Bunu alifanya jambo ambalo sijalisahau. Alipenya katikati ya askari, akasema kwa Kisomali, lugha ya askari wale, “Huyu ni mgeni wangu. Mimi ndiye niliyemkaribisha.” Askari mmoja alimsukuma kifuani, akaanguka, kilemba chake kikafunguka mchangani. Uongo ambao Lali hakuweza kuusema, Maalim aliusema, lakini ulikuwa umechelewa. Juma alifungwa mnyororo mguu uleule wenye kovu. Yeye na Lali wakapelekwa Kismayu.

Lali alirudi baada ya miezi mingi, amekonda. Pazia halikutundikwa tena. Kila mmoja wao akasali nyumbani kwake. Juma hakurudi.

Nilipokuwa kijana, nikijiandaa kwenda ng’ambo kusoma, nilimwendea Lali kumwomba radhi. Alikuwa akitia kalafati, akishindilia pamba kati ya mbao, na hakuacha kazi yake.

“Yangu nilikusamehe siku ileile,” alisema. “Ulikuwa mtoto, na ulisema kweli. Miezi yangu ya kifungo ni mali yangu, nimekupa. Radhi ya Juma siwezi kukupa. Hakuniachia.”

“Alisema neno juu yangu, Fundi?”

“Alitaka kujua jina lako. Sikumwambia.”

Kwa hiyo hata mimi alinificha.

Chuo kikuu nilisoma hesabu, na kazi iliyonilisha hadi kustaafu ilikuwa ya takwimu. Nimekaa katika nyumba nyingi na karatasi magotini, nikiuliza wakazi wake ni wangapi. Mara kwa mara mwenye nyumba alinitajia idadi pungufu kuliko sahani nilizoziona zikianikwa uani. Niliandika aliyonitajia. Wakubwa wangu wangeliita hilo kosa la kazi, na kwa kanuni za fani yangu lilikuwa kosa. Ujanani niliicheka imani ya Bibi. Sasa nadhani aliyeianzisha hakuwa akiwaza majini. Alikuwa amewaona watu wakihesabiwa, kisha akaona ni nani aliyekuja kuwachukua.

Baada ya bendera ya Wataliani kuteremshwa nilifika mara mbili katika bonde la Juba, nikauliza habari za mtu mwenye kovu kifundoni. Wazee walinitazama kwa upole. Wenye makovu ya namna hiyo, walisema, walikuwa wengi, na Juma ni jina la watu wengi. Hata Lali hakujua ubini wake, yaani jina la baba yake. Basi kila Ijumaa ninapowaombea marehemu, humtaja kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Nikifika kwa Juma husema jina hilo moja, kisha hunyamaza kwa muda wa kulitamka jina jingine, ndipo ninapoendelea.